Siku Niliyoombwa Niupumzishe Mkono wa Kushoto

Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mpiga besi alilaza kiganja juu ya nyuzi zake zikanyamaza, akaniinamia pale nilipokaa. "Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "unapiga vizuri. Ila huo mkono wa kushoto upumzishe kidogo. Kazi unayoupa ndiyo kazi yangu."

Nilimjibu, "Sawa, kaka," lakini moyoni nilisinyaa. Nilikuwa nimepiga piano miaka 9, karibu muda wote peke yangu, na mkono wa kushoto ndio ulionitoa jasho kuliko kitu kingine chochote. Wa kulia hujifunza upesi kwa kuwa ndio unaobeba wimbo, na sikio linauongoza. Wa kushoto lazima uulee kama mtoto anayeanza kuandika, usiku baada ya usiku, mpaka siku moja unagundua unatembea wenyewe huku wewe unawaza mengine. Sasa nilikuwa naombwa niuweke kando.

Tangu siku ile nimekaa na wenzangu wale mara nyingi, na bado maneno yale machache ya mpiga besi ndiyo somo kubwa nililowahi kupewa katika muziki. Naandika kwa ajili ya yule aliye pale nilipokuwa mimi: anapiga piano au kinanda kwa mapenzi tu, hatafuti jukwaa wala cheti, na ghafla marafiki wanamwambia, "Njoo Jumamosi tujamu," yaani tupige pamoja kwa kujifurahisha.

Piano ni chombo kinachojitosheleza. Ina vibao 88, kuanzia nota ya chini kabisa inayotetemeka mara 27.5 kwa sekunde hadi ya juu kabisa inayovuka mara 4,000. Besi imo, kodi zimo (nasema kodi kwa maana ya nota tatu au nne zinazopigwa kwa pamoja), wimbo umo, mdundo umo, na vyote hivyo anavifanya mtu mmoja aliyeketi kitini. Ndiyo maana tunaweza kukaa nayo miaka bila kuhisi upungufu. Mpiga dramu akijifungia peke yake kwa saa moja, ataanza kumtamani mtu wa besi. Mpiga piano hamtamani mtu. Mimi sikumtamani, na sikujua kwamba katika kutomtamani huko nilikuwa najifunza tabia ambazo siku moja ningelazimika kuzifungua moja moja.

Aliyenialika alikuwa rafiki yangu mpiga gitaa. Wao walikuwa wanne: gitaa, besi, dramu na dada anayeimba. Nilipouliza tutapiga nini, alinijibu, "Vitu rahisi rahisi, utavidaka tu." Mimi kwa hofu yangu nikajiandaa wiki nzima kwa kipande cha kurasa nne nilichokuwa nakijua kwa moyo, nikidhani kuna wakati nitaombwa nionyeshe ninachoweza. Hakikuguswa. Hakuna aliyekuja na karatasi hata moja.

Kinanda kilichonisubiri kilikuwa cha vibao 61, na kabla hata ya muziki kuanza kilinitia kiwewe. Kila nota niliyoigusa iliendelea kulia hata nilipoinua mkono, na nilipokanyaga pedali, ile ya mguuni inayoifanya nota iendelee kulia, ndipo iliponyamaza. Yaani pedali ilikuwa inafanya kazi kinyume. Nilihangaika dakika kadhaa, watu wote wakinisubiri, hadi mpiga gitaa aliponiambia nizime, nitoe mguu, kisha niwashe upya. Vinanda vingi vya umeme huikagua pedali wakati vinapowaka. Ukiwa umeikanyaga wakati huo, vinachukulia kwamba hapo ilipo ndipo imeachiwa. Nimelitaja kwa sababu litamtokea mtu mwingine, na likitokea mbele ya watu linaweza kumkatisha tamaa kabla hajapiga nota moja.

Kisha mpiga gitaa akasema, "Bluzi, A, taratibu," mpiga dramu akagonga fimbo mara nne, na tukaondoka.

Bluzi ya kawaida ina baa 12, yaani vipande 12 vya mapigo manne manne. Nne za kwanza mnakaa nyumbani, kwenye kodi ya kwanza; mbili mnakwenda ya nne; mbili mnarudi nyumbani; kisha mnagusa ya tano, mnashukia ya nne, mnamalizia nyumbani, halafu mzunguko unaanza upya. Kwa A, ukihesabu nota kuanzia A, ina maana A, D na E. Wanaopiga muziki huu wana mzunguko huo mwilini kama mtu anavyojua ngazi za nyumba yake gizani. Mimi nilikuwa nimeusoma mahali fulani, lakini kuusoma na kuupanda gizani ni mambo mawili. Kwenye baa ya tisa nilikuwa bado nipo A, wenzangu wote wako E. Nikasikia mgongano, nikafanya kile nilichokifanya kila siku nyumbani kwa miaka 9: nikasimama, nikarudi nyuma, nikaipiga ile baa kwa usahihi.

Niliipiga vizuri sana. Tatizo ni kwamba wenzangu walikuwa wameshafika baa ya kumi na moja.

Hapo niliona jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha. Kila nilipokosea nyumbani na kusimama kurekebisha, nilikuwa nafanya mazoezi ya kusimama. Niliyafanya maelfu ya mara, na nikawa hodari. Mikono yangu iliamini kwamba muda ni wangu, kwamba muziki utanisubiri nijipange. Katika kundi muda si wa mtu. Unapita kama maji ya mto, na nota uliyoikosa imeshakwenda nayo. Ukigeuka kuifuata unaikosa na inayofuata. Dawa yake nilikuja kuijua baadaye: ukipotea, toa mikono, sikiliza mpiga dramu. Mara nyingi mwishoni mwa baa ya nne, ya nane au ya kumi na mbili atazungusha fimbo kwenye ngoma zake kuashiria kona, na besi itatua kwa uzito kwenye nota ya msingi ya kodi inayofuata. Ingia hapo. Baa mbili za ukimya hakuna atakayeziona, lakini baa mbili za kodi isiyo yake kila mtu atazisikia.

Nyumbani nilibadilisha mazoezi. Nilijiwekea sheria kwamba wimbo ukianza, unaisha, hata nyumba ikiwaka. Metronomu, ile mashine inayogonga mapigo kwa usawa, nilikuwa naiacha igonge kila pigo. Sasa nikaiweka igonge la pili na la nne tu, mahali ambapo mpiga dramu hupiga ile ngoma yenye sauti kali, na mapigo mengine niyabebe mwenyewe. Siku za kwanza ilinichukua nusu saa kuacha kuteleza. Ni zoezi dogo na la kuchosha, na sijui lingine lililonisaidia zaidi yake.

Lakini nirudi kwenye mkono wa kushoto, maana huko ndiko kwenye kiini cha jambo.

Uzi mzito wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa bila kubonyezwa, hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Kuanzia hapo kwenda juu kwa oktavu moja (umbali wa kutoka nota hadi ya jina lilelile juu yake) na zaidi ndiko mpiga besi anakoishi, na ndiko mkono wangu wa kushoto ulikokuwa ukitembea. Piano peke yake inasikika vizuri kule chini kwa sababu hakuna mwingine. Wakiingia wawili, mambo hubadilika. Chukua A ya chini yenye mitetemo 55 na B inayoifuata yenye karibu 62. Zikilia pamoja, tofauti yao, kama mara 7 kwa sekunde, inasikika kama mngurumo unaopanda na kushuka, na sikio haliwezi tena kusema hii ni A na ile ni B. Juu kwenye kinanda, nota mbili jirani zinaweza kupendeza, hata kung'aa. Kule chini zinakuwa tope. Mimi nilikuwa namwaga tope hilo kwa mkono mzima huku nikikanyaga pedali, kwa hiyo kila kodi ilikuwa inaburuta mabaki ya kodi iliyotangulia.

Kuna na madhara mengine ambayo hayaishii kwenye usafi wa sauti. Nota ya chini kabisa ndiyo inayoamua kodi ni ipi. Mpiga besi akishuka kwa makusudi kwenye F shapu (kibao cheusi kinachofuata juu ya F) chini ya kodi ya A ili wimbo ubadilike rangi, na mimi wakati huohuo nikagonga A kwa nguvu chini yake, nimemfuta. Alichokifikiria hakuna atakayekisikia. Nilipolielewa hili niliacha kabisa kuona maneno yake kama lawama. Alikuwa anaomba nafasi ya kuzungumza.

Basi usiku ule nilirudi nyumbani na swali moja: nikiondoa besi, nibaki na nini? Nikaketi na bluzi ileile ya A, nikaanza kuvua nota. Kodi ya A yenye nota ya saba ndani yake ina A, C shapu, E na G. A anayo mpiga besi, iondoke. E, nota ya tano, haina habari mpya, maana karibu kila kodi inayo tano yake, iondoke nayo. Zilibaki C shapu na G, nota ya tatu na ya saba. Ya tatu inasema kama kodi ni kubwa, yenye sauti angavu, au ndogo, yenye sauti ya huzuni; ya saba inasema inataka kwenda wapi. Nikazipiga hizo mbili tu katikati ya kinanda huku nikiimba A ya besi kwa mdomo. Kodi nzima ilikuwepo.

Kisha nikatafuta D. Tatu yake ni F shapu, saba yake ni C. Nikatazama vidole vyangu: kutoka C shapu na G, kila kimoja kinashuka kibao kimoja tu, kibao cha jirani kabisa, na nimefika. Nikatafuta E: saba yake ni D, tatu yake ni G shapu. Kutoka nyumbani, kila kidole kinapanda kibao kimoja. Nilikaa pale bila kusema neno. Bluzi nzima, baa zote 12 zilizonipoteza mchana, zilikuwa chini ya vidole viwili vinavyoshuka hatua moja na kupanda hatua moja. Niliurudia mzunguko ule labda mara hamsini usiku ule, na kila mara nilihisi kama nimefunguliwa dirisha katika chumba nilichokaa miaka.

Baadaye nilisikiliza upya rekodi za bendi ya Count Basie, mpiga piano wa Marekani aliyeunda kundi lake mwaka 1935. Nilikuwa nimemsikia zamani nikajiuliza mbona anapiga nota chache hivyo, na mbona watu wanamsifu. Sasa nilisikiliza waliomzunguka: Walter Page akitembeza besi, Freddie Green akipiga gitaa pigo kwa pigo, Jo Jones kwenye dramu. Kila kitu ambacho mkono wa kushoto wa piano ungeweza kufanya kilikuwa kimeshafanywa, na kilifanywa vizuri. Basie alisikia hivyo, akaacha. Akigusa nota tatu juu kabisa, zinakaa mahali pake kama nyota, kwa sababu hakuna kitu kimezizuia. Namheshimu sana kwa uamuzi ule, hasa kwa vile vidole vyake viliweza mengi mno. Alikuwa amelelewa katika mtindo wa zamani wa piano ambao mkono wa kushoto ndio farasi wa kazi.

Mara ya pili nilipokwenda nilikuwa na vidole vyangu viwili, nikadhani nimemaliza. Kumbe mkono wa kulia nao ulikuwa na jirani.

Gitaa likipigwa kwa kukwaruza nyuzi zote hujaza palepale katikati ambapo kodi za piano hukaa. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tunapiga kodi zilezile, mahali palepale, kwa midundo inayokaribiana bila kufanana, na matokeo yake yakawa kama watu wawili wanaosimulia kisa kimoja kwa wakati mmoja. Hatukuandika mkataba. Tulizoea tu kutazamana. Akikwaruza, mimi napanda juu nipige vitu vifupi vichache, au nashika kodi moja ndefu isiyotikisika. Akiacha kukwaruza akaanza kuchomoa nota moja moja, narudi katikati nimshikie nyumba. Ajabu ni kwamba mpangilio huu haukunipunguzia raha hata kidogo. Nyumbani nilikuwa naangalia vidole vyangu. Hapa nilijifunza kuangalia bega la mtu, maana bega la mpiga gitaa huinuka kidogo kabla hajaingia kwa nguvu.

Jambo lililonisumbua kwa muda mrefu zaidi ni kii, yaani nota ambayo wimbo unaiita nyumbani. Anayesoma nota karatasini huzoea kwamba kila kipande kina kii yake na kitakaa humo milele. Mwimbaji hana habari hiyo. Yeye ana koo, na koo lina siku zake. Siku ya tatu dada yetu aliimba ubeti mmoja, akasimama akasema, "Jamani, nipandishieni nusu, hapa chini sauti inanifia." Mpiga gitaa akachukua kapo, kibanio cha nyuzi, akaibana kwenye mstari wa kwanza wa gitaa lake, mpiga besi akasogeza mkono, na wote wakawa tayari kwa sekunde tano. Mimi nilikuwa kwenye G, kii yenye kibao cheusi kimoja. Nusu juu, yaani kibao cha jirani kabisa, ni A flati (kibao cheusi kilicho chini kidogo ya A), kii yenye vinne. Kila umbo lililokuwa mkononi mwangu lilikuwa limevunjika.

Na palikuwa na mtego ndani yake. Nilimuuliza mpiga gitaa, "Kodi ya kwanza?" Akatazama vidole vyake akajibu, "G." Nikapiga G. Ilikuwa sauti mbaya kuliko zote nilizowahi kutoa mbele ya watu, kwa sababu yeye hakudanganya: vidole vyake vilikuwa na umbo la G, ila kapo ilikuwa imeipandisha kila nota kwa nusu. Yeye anaita umbo, mimi nahitaji sauti. Tangu hapo nauliza, "G ya vidole au G ya sauti?" na anaelewa. Siku moja alikuja mgeni na saksofoni aina ya tenor, naye akasema anapiga C, na ikabidi nijue kwamba C iliyoandikwa kwa ajili ya chombo chake ndiyo B flati kwenye kinanda changu. Hakuna aliyekosea. Kila chombo kina lugha ya nyumbani kwake.

Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kuhamisha kii: unabonyeza, vidole vinabaki G, sauti inatoka A flati. Nilikitumia, na sioni aibu kwa mtu anayekitumia wakati wimbo umeshaanza na hakuna njia nyingine. Lakini nilisahau kukirudisha, na wimbo uliofuata ukaanza nusu juu ya wenzangu wote, tena kwa kishindo. Hilo likanisukuma nijifunze njia iliyo imara.

Njia yenyewe ni ya zamani, na wengi walioimba kwaya wanayo tayari bila kujua kwamba inafaa hapa: do, re, mi. Do inahama. Wimbo ukiwa G, do ni G. Ukiwa A flati, do ni A flati. Lakini mi inabaki mi, na safari ya kutoka do kwenda fa inabaki ileile. Nikaanza kuziita kodi kwa namba. Moja, nne, tano, sita ndogo. Wimbo nikaacha kuukumbuka kama "G, C, D, E ndogo," nikaukumbuka kama moja, nne, tano, sita ndogo, halafu nikajilazimisha kuupiga kwa kii tofauti kila siku ya wiki. Kii zote ziko 12, kwa hiyo ndani ya wiki mbili unazimaliza. Raundi ya kwanza ni mateso. Raundi ya tatu unaanza kusikia kwamba nyimbo nyingi sana zimeshonwa kwa kodi hizohizo nne, na mtu akikuambia "nipandishie nusu" tumbo halikukazi tena.

Kuhusu solo nina machache. Mara ya kwanza waliponinyooshea kidole nichukue zamu, nilimwaga nota bila kupumua kwa baa zote 12. Mpiga saksofoni hawezi kufanya hivyo hata akitaka, mapafu yatamkatalia. Piano haina mapafu, na hiyo ni hatari yake. Mpiga besi, yuleyule, alinishauri niimbe kwa mdomo ninachokipiga, hata kwa sauti ya kunong'ona. Ukiimba utaishiwa pumzi, ukiishiwa pumzi utanyamaza, na katika ule ukimya mpiga dramu atapata nafasi ya kukujibu. Jaribu tu, utasikia.

Sauti nayo ni ya kuangalia. Spika yangu ilikuwa sakafuni, ikiimbia miguu yangu, sikujisikia, nikaongeza. Gitaa likaongeza. Dramu haina kitufe, ikapigwa kwa nguvu zaidi. Dada akaacha kuimba akatuangalia. Tuliiweka spika juu ya kiti, usawa wa sikio, nikapunguza hadi nusu na nikawa najisikia vizuri kuliko mwanzo.

Kuna zoea moja ambalo sitaliacha: simu moja huwekwa pembeni kurekodi, na kesho yake nasikiliza asubuhi kukiwa kimya. Mara nyingi nimeshangaa. Pale nilipotoka nikijisifu, kwenye rekodi pamejaa mno, nashindana na kila mtu. Pale niliporudi nyumbani nikidhani sikufanya kitu, kwa kuwa nilipiga nota mbili nikaacha, ndipo kundi linasikika kama watu wanaopendana. Nimeshaacha kuyaamini masikio yangu ya jioni ileile. Nangoja ya asubuhi.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tumebakiza wimbo mmoja, ule wa taratibu ambao dada huupenda kufungia, mpiga besi alipotazama saa akasema amechelewa mahali. Akachomoa waya, akafunga gitaa lake kwenye mkoba. Tukaanza kukubaliana tuuache. Yeye akiwa ameshaubeba mkoba mgongoni akanigeukia.

"Mdogo wangu, leo mkono wa kushoto urudi kazini."

Dada akaanza kuimba. Niliuacha mguu mbali na pedali. Mwaka ule wa kwanza ningeijaza ile nafasi kwa oktavu na vidole vitano. Sasa niliweka nota moja mwanzoni mwa baa, kwa kidole kimoja, pamoja na pigo la ngoma kubwa, nikaiacha ilie urefu ule ambao kaka huiachia, kisha nikainua kidogo kabla ya nyingine, kama anavyoinua yeye. Sikuwa nimewahi kufundishwa hivyo. Nilikuwa nimekaa karibu naye miezi mingi. Kwenye kiitikio, pale anapopenda kushuka F shapu, nilishuka F shapu.

Nilipoinua macho alikuwa bado amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Alisubiri hadi kiitikio kikaisha, ndipo akafungua mlango polepole usilie, akatoka.